Fundi Anajibu: Stata inapiga vizuri tu, gari haiwaki

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Kihonda hapa Morogoro, nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia otomatiki. Ilianza kama utani, nikiwa naenda mjini mchana jua kali inazima yenyewe kwenye foleni, nikisubiri kidogo ikipoa inawaka na inaondoka kama hakuna kilichotokea. Ikaendelea hivyo wiki kadhaa na mimi nikaichukulia poa. Sasa juzi imezima pale sokoni na haijawaka tena mpaka leo. Stata inapiga kwa nguvu zote, betri ni mpya, taa za dashibodi zote zinawaka. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, hola. Kasema pampu ya mafuta, nikanunua ya mtumba, hola. Fundi wa pili kachomoa plagi kasema zote nne zimelowa petroli, akanusa na eksozi, akasema nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa, tukamwaga tenki zima na kujaza upya. Hola. Sasa wa tatu anasema kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa nitafute laki mbili na nusu. Nitoe hiyo hela au nisitoe?
Msomaji, Kihonda

JIBU: Usitoe kaka. Hao mafundi wako watatu wamekubadilishia vitu viwili, wamemwaga tenki zima, na hakuna hata mmoja aliyepima chochote. Yule wa pili alikuwa ameshalishika jibu mkononi, zile plagi zilizolowa, halafu akalitupa akaanza habari za sheli.

Ngoja nieleze maana wapo wengi wameandika kuhusu hili na gari zao ni tofauti. Gari ikipiga stata kwa nguvu maana yake betri, teminali na stata hazina kesi, hayo achana nayo. Injini ya petroli ili iwake inataka mafuta yafike kwenye silinda, moto uruke kwenye plagi, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) iwepo, na vyote vitokee kwa wakati wake. Basi. Kimoja wapo hakipo, na kazi ya fundi ni kukijua hicho kisichokuwepo kabla hajataja jina la spea yoyote. Fundi akikutajia spea kabla hajakwambia ni kipi kimekosekana, huyo anabahatisha kwa hela yako.

Sasa tuje kwenye plagi zako. Nozeli za hiyo 5A, zile zinazopulizia petroli, hazifunguki zenyewe, zinafunguliwa na kontrol boksi, na kontrol boksi haizifungui mpaka ipate taarifa kwamba injini inazunguka, na hiyo taarifa inatoka kwenye pickup, kile kisoma mzunguko kilichoko ndani ya distributa, ile inayogawa moto kwa plagi. Kwa hiyo plagi zote nne zikitoka zimelowa petroli, tayari umeshajua kwamba pampu ilikuwa inasukuma, kontrol boksi iko hai inafanya kazi, pickup inasoma, na nozeli zinafunguka. Plagi moja ikilowa unaweza kusema nozeli yake inavuja, lakini nne? Hiyo hela ya pampu imeenda bure kabisa, na hiyo laki mbili na nusu ya kontrol boksi nayo ingeenda bure. Mafuta yanafika, hayachomwi. Kinachokosekana kwako ni moto.

Halafu ile historia uliyoiandika juu, kwamba inazima injini ikiwa ya moto na ikipoa inawaka, hiyo nayo ni ushahidi. Kitu cha umeme kinachokufa kwa joto na kufufuka kikipoa kwenye hizi Toyota za distributa mara nyingi ni koili (inayokuza umeme wa plagi) au ignaita (swichi ya kielektroniki ya hiyo koili). Waya mwembamba ndani ya koili ukianza kuachia, joto linautanua karenti inakatika, ukipoa unagusana tena. Inaenda hivyo wiki, mwezi, halafu siku moja haurudi. Petroli mbaya haina tabia hiyo, haiwezi kuwa mbaya saa saba mchana halafu saa saba na nusu ikawa nzuri. (Na tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, waanze kuweka vinasaba, yaani alama maalumu, kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji wa kuchanganya na mafuta ya taa umebanwa sana, sisemi umeisha, ila mafundi wengi bado wanautumia kama kichaka cha kujificha wakishindwa kujua tatizo.)

Kabla hujashika spana, swali moja: hiyo gari ina alamu ya kufunga mtaani, au katauti ya siri chini ya usukani, au ilishawahi kufungwa kile kifaa cha kuifuatilia kwa GPS? Nauliza kwa sababu hivyo vitu kazi yake ni kukata umeme wa pampu au wa moto, na vimefungwa kwa kukata waya na kuzungushia utepe, baada ya miaka mingi rilei yake inachoka au ule utepe unaachia na gari inagoma kuwaka huku kila kitu kikiwa kizima. Gari ikishapita mikono minne hujui nani alifunga nini. Lala chini ya dashibodi na tochi, fuata waya wowote ambao haufanani na waya za kiwandani. Hii haina gharama.

Sasa kupima moto. Kwanza chomoa soketi za nozeli zote nne ili petroli isiendelee kumwagika ndani. Usichomoe fyuzi ya EFI kama wanavyofanya wengine, ukichomoa hiyo kontrol boksi inalala na moto hautatoka hata kama kila kitu ni kizima, utapata jibu la uongo. Chukua plagi nzima iliyokauka, ivalishe kwenye waya mmoja wa plagi, ile chuma yake igusane vizuri na chuma ya injini, mbali na matundu ya plagi maana yale yanatoa mvuke wa petroli na hatutaki kuungua nyusi. Usishike waya kwa mkono. Na usiache waya unaning'inia hewani bila kugusa kitu halafu ukapiga stata, umeme ukikosa pa kwenda unarudi kutafuta njia ndani ya koili na ignaita na kama kilikuwa kizima unakiua wewe. Mtu apige stata sekunde chache. Moto mzuri ni wa bluu mweupe na unasikika ukipasuka, tik tik tik. Ukiwa wa njano au mwekundu mwembamba, huo ni dhaifu, hewani utauona lakini kwenye silinda yenye kompresheni hautaruka. Na kama hakuna kabisa, basi tumeshapata tunachotafuta.

Hapo hapo fungua kofia ya distributa. Angalia ndani yake, kuna nyufa? Kuna mistari myeusi kama imechorwa na penseli kutoka kwenye nguzo moja kwenda nyingine? Hiyo ni njia ya umeme kukimbilia sipo. Kile kikaboni cha katikati kipo au kimeisha? Kuna unyevu? Wakati wa masika hii peke yake inalaza magari mengi tu, kofia ina ufa mdogo, unyevu unaingia usiku, asubuhi stata inapiga gari haiwaki, saa nne jua likitoka inawaka na mwenye gari anasema ni majini. Futa kwa kitambaa kikavu. Halafu huku kofia ikiwa wazi mtu apige stata wewe uangalie rota, kile kipande kinachopeleka moto kwa kila nguzo, inazunguka au haizunguki. Kipimo hiki cha bure watu wanakiruka sijui kwa nini. Distributa ya hiyo injini inazungushwa na kamshafti na kamshafti inazungushwa na mkanda wa taiming, rota ikiwa imesimama wakati stata inapiga basi mkanda umekatika na hayo mengine yote hayana maana tena. Hata sikio linakwambia, mkanda ukikatika stata inapiga haraka na nyepesi bila ile mapigo ya kupanda na kushuka. Wewe kwako sidhani, maana nozeli zinapata taarifa, na pickup haiwezi kusoma kitu kisichozunguka. Lakini angalia.

Rota inazunguka, kofia nzima, moto hakuna. Hapo ndo unaingia kwenye koili. Kwenye nyingi za hizi 5A koili iko humo humo ndani ya distributa chini ya kofia, ignaita ama iko humo ama imefungwa pembeni kwenye bodi. Weka mita kwenye ohmu. Upande mdogo wa koili (unaoingiza umeme wa betri) ikiwa imepoa unatakiwa usome kati ya ohmu 1 na 2, upande mkubwa (unaotoa moto kwenda plagi) kati ya kilo-ohmu 9 na 16 hivi. Mita ikisoma haina mwisho, koili imekatika, kwisha habari. Ikisoma vizuri usishangilie haraka kwa sababu yako inakufa kwa joto, ipashe kwa drai ya nywele ya mama watoto dakika kadhaa halafu pima tena. Nimeona koili zinasoma safi kabisa asubuhi na zikipata joto mita inaruka ruka.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwenye dashibodi wakati mtu anapiga stata, ule mshale wa rpm kama gari yako inao. Kwenye Toyota hizi mshale unapata taarifa kutoka ignaita. Ukicheza cheza kidogo wakati stata inapiga, ignaita inakata na kuunganisha koili, kwa hiyo shuku koili upande mkubwa, kofia au rota. Ukilala kwenye sifuri bila hata kutikisika, shuku ignaita, au umeme haufiki kwenye koili, au upande mdogo wa koili umekatika. Chukua testa ya taa uguse waya unaoleta umeme kwenye koili funguo ikiwa ON, taa ikikataa kuwaka rudi nyuma kwenye fyuzi na swichi ya funguo.

Na gari yako inaweza kukwambia yenyewe, bila mashine ya daignosisi. Kwenye injini utaona kiboksi kidogo cha plastiki chenye mfuniko, ukifungua, kwenye mfuniko kwa ndani pameandikwa majina ya pini. Chukua kipande cha waya unganisha TE1 na E1, funguo weka ON bila kuwasha, angalia taa ya chekenjini. Ikimeta mfululizo kwa usawa hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara moja, ikapumzika, ikameta mara mbili, hiyo ni namba 12, maana yake kontrol boksi haikupata taarifa ya injini kuzunguka, nenda kwenye pickup ya distributa na waya zake. Mara moja halafu nne ni namba 14, ignaita haikurudisha jibu. Hii 14 ina mambo yake, kontrol boksi ikikosa lile jibu mara kadhaa mfululizo inafunga nozeli kwa usalama isije ikajaza petroli, kwa hiyo kuna gari unaikuta plagi zake kama kavu watu wanakimbilia pampu kumbe shida ni ignaita. Kwako zimelowa chepe chepe, ndo maana mkono wangu unaelekea zaidi kwenye koili au kofia kuliko ignaita. Lakini soma namba kwanza. Na kama mafundi wako walichomoa betri, kumbukumbu imefutika, piga stata sekunde kumi halafu ndo usome.

Ukithibitisha ni koili na ukaikosa peke yake, tafuta distributa nzima ya mtumba ya 5A yenye soketi ile ile, Dar nenda Ilala au Gerezani, na beba ya zamani mkononi usiende na picha ya simu. Kabla hujafungua ya kwako ipige alama kwa chaki mahali ilipokaa kwenye injini ili ukirudisha iwe hapo hapo, halafu gari ikiwaka mwambie fundi aseti taiming kwa taa, digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, huku TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Wasikusetie kwa sikio.

Na kabla ya kuiwasha, vuta ile dipstiki ya oili uinuse. Kwa hizo siku zote mlizopiga stata petroli imeshuka kwenye oili, ikinuka petroli badilisha oili na filta yake kabla hujaenda popote, oili iliyochanganyika na petroli haishiki na beringi zitakulilia. Plagi nazo zikaushe. Na stata msiipige zaidi ya sekunde kumi mfululizo, iacheni ipumue, nimesikia nyie mnapiga mpaka inatoa moshi. Kusukuma nako msahau, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, mtachoka bure.

Kwa wale wengine mlioandika na plagi zenu zinatoka kavu, moto upo, kwenu tatizo ni mafuta na mnapima hivi. Kwanza mjue kwamba Toyota nyingi za zamani hizi hazipigi pampu ukiweka funguo ON. Nissan nyingi zinapiga, utasikia inavuma sekunde chache nyuma halafu inanyamaza. Fundi aliyezoea Nissan anaweka ON kwenye Corolla, anatega sikio, haisikii, anasema pampu imekufa. Haijafa, inasubiri stata. Pampu ngapi nzima zimeng'olewa kwa sababu hii. Kwenye kile kile kiboksi cha TE1 kuna pini zimeandikwa +B na FP, ziunganishe kwa waya, funguo ON, pampu itapiga moja kwa moja. Mmoja ategee sikio kwenye tenki, mwingine abane kwa vidole ule mpira wa mafuta yanayorudi, utasikia yanapita. Ikipiga kwa waya lakini haipigi wakati wa stata basi pampu ni nzima, shida ni rilei yake au waya za kuelekea huko. Ikikataa hata kwa waya, peleka testa nyuma kwenye soketi ya pampu uone umeme unafika au haufiki kabla hujaishusha. Na kama pampu inapiga, angalia presha, ya hizi injini inacheza bar 2.7 mpaka 3 hivi mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa. Pampu inaweza kuvuma vizuri tu kumbe filta imeziba.

Moto upo, mafuta yapo, haiwaki? Mkanda umeruka meno, au kompresheni imekwisha, au masega, kile chujio cha moshi kwenye eksozi, yameziba. Hilo la mwisho watu hawaliamini. Gari iliyokuwa inamisi miezi bila kutengenezwa, petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye masega yanayeyuka yanaziba, moshi hauna pa kutokea na hewa mpya haina pa kuingilia. Legeza boliti za eksozi kabla ya masega upige stata, ikiwaka na kelele zake umeshajua.

SWALI: Niaje fundi, niko Voi. Niko na pick-up ya Datsun 1200 ya mzee, tumeirithi. Nikipiga stata inawaka kabisa, nasikia injini imeshika, lakini nikiachia tu funguo irudi mahali pake inazima hapo hapo. Nikishikilia funguo kwa stata inaendelea kunguruma. Fundi wa hapa ananiambia kabureta. Ni kweli?
Msomaji, Voi

JIBU: Kabureta haijui funguo yako iko wapi ndugu yangu. Kitu kinachofanya kazi kwenye stata na kufa kwenye ON ni cha umeme, na kwa Datsun hiyo nitaweka hela yangu kwenye rezista ya koili. Angalia pale koili ilipofungwa, kuna kijitu cheupe cha kauri chenye teminali mbili. Koili yake imetengenezwa kufanya kazi na volti pungufu kidogo, kwa hiyo gari ikiwa inatembea umeme unapitia kwenye hiyo rezista, lakini wakati wa stata betri inakuwa imezidiwa, wakaweka njia ya pili inayopeleka umeme wote moja kwa moja bila kupitia rezista ili moto uwe na nguvu. Rezista ikikatika unabaki na njia ya stata peke yake. Ndio hiyo hali yako neno kwa neno.

Pima na testa, funguo ON gusa upande ambao umeme unaingia kwenye rezista, halafu upande unaotoka kwenda koili. Unaingia hautoki, imekufa. Mita ikiwa ipo isome, inatakiwa ohmu moja na kitu. Kama umeme hata kuingia hauingii, basi ni swichi ya funguo imechoka upande wa ON.

Ukiwa umekwama njiani unaweza kuiruka kwa kipande cha waya ufike nyumbani, lakini fika nyumbani tu. Wapo wanaoiruka na kuiacha hivyo miezi, koili inachemka na platini (zile konteki za distributa) zinaungua zinashikana, halafu wanalalamika spea za siku hizi feki. Na ukiwa hapo safisha platini kwa msasa laini, weka gepu nusu milimita hivi, angalia na kondensa. Gari imekaa bila kutembea tangu lini, mzee alipofariki? Kama imekaa mwaka mzima petroli iliyobaki kwenye kabureta imeshageuka gundi, kwa hiyo hapo fundi wako atapata nafasi yake ya kufungua kabureta, ila iwe baada ya umeme. Poleni kwa msiba.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Uyole Mbeya, baba ana Hilux ya dizeli injini 3L. Asubuhi za baridi inapiga stata muda mrefu sana ndo inawaka na moshi mweupe, sasa wiki hii imekataa kabisa asubuhi mpaka mchana. Baba anasema nimwagie etha, ile dawa ya kuwashia, kwenye njia ya hewa itawaka. Nimwagie?
Binti wa baba, Uyole

JIBU: Marahaba binti, na mpe shikamoo yangu mzee. Ila etha usimwagie. Injini hiyo ina plagi za kupasha, zikiwa za moto na wewe unapuliza etha unaweza kuvunja pistoni au ringi.

Dizeli haina moto wa plagi kwa hiyo acha yale yote niliyoandika juu. Wewe angalia eksozi wakati baba anapiga stata. Ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haichomwi, na kwa baridi ya Uyole hiyo karibu kila mara ni plagi za kupasha zimekufa, mbili tatu kati ya nne. Zinapimwa moja moja, toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, chukua testa ya taa, klipu yake weka kwenye chanya ya betri na ncha gusa kichwa cha plagi, nzima inawasha taa, iliyokufa haiwashi. Pima na kama umeme unafika kwenye ukanda funguo ikiwa ON injini ikiwa baridi, maana rilei yake nayo huwa inakufa halafu watu wanabadilisha plagi zote nne na hali inabaki vile vile. Zikiwa nzima na umeme unafika, ipeleke kwa mtu wa kupima kompresheni, na hapo sina habari nzuri.

Kama haitoi moshi hata kidogo, dizeli haifiki kabisa. Kwenye pampu ya nozeli kuna solenoidi yenye waya mmoja, mtu aweke funguo ON na OFF wewe ushike pale, unatakiwa usikie inagonga, tak. Haigongi, gusa waya wake na testa, umeme upo badilisha solenoidi, haupo tafuta fyuzi. Inagonga, basi nenda kwenye filta ya dizeli, juu yake kuna kitufe cha kupampu kwa mkono, kipampu mpaka kiwe kigumu. Kikikaa laini tu hakikazi kuna sehemu inavuta hewa, angalia mipira ya kutoka kwenye tenki na zile klipu zake, na hicho chenyewe kitufe huwa kinapasuka mpira wa ndani kinaingiza hewa bila kuvujisha tone. Chini ya filta kuna koki ya kumwagia maji, ifungue kidogo juu ya chupa uone kinachotoka.

Hiyo stata ya muda mrefu kila asubuhi ilikuwa inaonyesha plagi zimeanza kufa moja moja tangu zamani, kwa hiyo mimi ningeanza na plagi. Ukipima andika tena uniambie ni ngapi zimewasha taa.